Akiba ya uzeeni inapovuka mpaka: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuhamisha fedha

MKENYA anayefanya kazi Uingereza huweza kupanda ndege London usiku na kutua Nairobi asubuhi. Akiba yake ya uzeeni haisafiri kwa wepesi huo. Fedha hizo hulindwa na sheria za nchi zilikochangwa, na zinapohamishwa au kutolewa kabla ya wakati wake, mamlaka za ushuru za nchi mbili, na pengine tatu, huweza kudai sehemu yake.

Suala hili limezidi kuwa zito kwa kuwa wanaosafiri kutafuta kazi wameongezeka. Mnamo 2021, Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu ajira ya wauguzi. Septemba 13, 2024, mjini Berlin, ilitia saini mengine na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Wakati huo huo wapo waliotangulia miaka ya nyuma ambao sasa wanarudi kustaafu, na wapo wageni wanaoishi Westlands, Lavington na Karen ambao akiba zao zilibaki Ulaya au Marekani.

Kiasi cha ushuru unaotozwa hakitegemei ukubwa wa akiba pekee. Hutegemea zaidi mambo matatu: mwenye fedha ni mkaazi wa nchi gani siku zinapolipwa, ana umri gani siku hiyo, na hazina inayozipokea iko katika nchi gani. Anayekosea mpangilio wa mambo hayo huweza kupoteza robo, na hata zaidi ya nusu, ya jasho la miaka mingi bila kuvunja sheria yoyote.

Njia tatu

Mfanyakazi anayehama nchi huwa na njia tatu kuhusu akiba yake.

Njia ya kwanza ni kuiacha ilipo hadi atimize umri wa kustaafu, kisha alipwe akiwa popote. Ya pili ni kuihamisha kutoka hazina ya nchi moja hadi hazina ya nchi nyingine bila kuzigusa fedha zenyewe. Ya tatu ni kuichukua yote kwa mkupuo na kuiweka katika akaunti yake ya benki.

Wengi huichukulia njia ya pili na ya tatu kuwa kitu kimoja. Kisheria ni vitu viwili tofauti kabisa. Uhamisho unaotambuliwa na mamlaka za ushuru huendeleza msamaha ambao mfanyakazi alipewa alipokuwa akichanga. Kuchukua fedha mkononi hukatiza msamaha huo, na serikali iliyoutoa hudai ushuru wake papo hapo.

Ukaazi ni nini?

Ukaazi wa ushuru si uraia, wala si anwani iliyoandikwa katika pasipoti. Kwa mujibu wa sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya, mtu huhesabiwa kuwa mkaazi wa mwaka fulani iwapo ana makao ya kudumu nchini na alifika nchini kwa kipindi chochote katika mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa mkaazi akiwa nchini kwa jumla ya siku 183 au zaidi katika mwaka huo, au kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huo na miwili iliyoutangulia.

Ina maana kwamba Mkenya mwenye nyumba yake Kangemi au Kilimani, aliyekuja likizoni wiki mbili, huweza kuhesabiwa mkaazi wa Kenya na pia mkaazi wa nchi anakofanya kazi kwa mwaka huo huo mmoja.

Aidha, miaka ya ushuru haifanani. Wa Kenya huanza Januari 1 na kumalizika Desemba 31, na fomu za mapato huwasilishwa kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Wa Uingereza huanza Aprili 6 na kumalizika Aprili 5. Malipo yaliyofanywa Machi badala ya Mei huweza kuangukia mwaka tofauti, na hivyo kutozwa kwa viwango tofauti.

Anayeondoka Kenya

Kwa mfanyakazi anayeondoka, akiba ya kwanza ni ile iliyo katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ambayo makao yake makuu yako Bishops Road, Nairobi. Hazina hiyo iliundwa kwa sheria ya 1965. Sheria mpya ya 2013 ilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya kesi ya miaka mingi, na chini yake mfanyakazi na mwajiri wake kila mmoja huchanga asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa. Miongoni mwa malipo yaliyotajwa katika sheria hiyo ni yale ya mwanachama anayehama Kenya moja kwa moja.

Akiba ya pili ni ile ya mpango wa mwajiri au mpango wa mtu binafsi. Mipango hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni (RBA), iliyoundwa kwa sheria ya 1997 na yenye ofisi katika jumba la Rahimtulla, Upper Hill. Kwa kawaida anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huruhusiwa kuchukua michango yake yote na nusu ya ile ya mwajiri, na nusu iliyosalia hungoja. Anayehama nchi bila nia ya kurudi huweza kuomba alipwe yote, mradi awaridhishe wadhamini wa mpango na kutimiza masharti.

Hapo ndipo ushuru unapoingia. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024, iliongeza kiwango cha mchango usiotozwa ushuru kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi. Muhimu zaidi, iliondoa ushuru katika malipo ya uzeeni ya mtu aliyefikia umri wa kustaafu uliowekwa na mpango wake, aliyestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, au anayechukua akiba baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 20.

Kuhama nchi hakumo katika orodha hiyo. Mtu mwenye umri wa miaka 38 aliyechanga kwa miaka 11, anayechukua akiba yake kwa kuwa amepata kazi Manchester, hulipa ushuru ambao asingelipa kama angeiacha na kusubiri. Kwa asiye mkaazi, pensheni isiyosamehewa hukatwa asilimia 5 kabla ya kutumwa.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna hesabu yake. Msamaha wa Kenya haumlazimishi waziri wa fedha wa nchi nyingine. Tangu Aprili 6, 2017, Uingereza imepanua sheria yake ili malipo ya mkupuo kutoka hazina za ng'ambo yaliyopokewa na mkaazi wa Uingereza yaweze kutozwa ushuru huko. Mtu aliyetimiza masharti yote ya msamaha wa Kenya, kisha akapokea malipo yake akiwa tayari mkaazi wa Uingereza, huenda akadaiwa katika nchi hiyo ya pili. Kama angelipwa kabla ya kuondoka, jambo hilo lisingezuka.

Anayerudi kutoka Uingereza

Uingereza ilianza Oktoba 2012 kuwaandikisha wafanyakazi moja kwa moja katika mipango ya akiba za uzeeni. Kuanzia Aprili 2019, kiwango cha chini cha mchango ni asilimia 8 ya sehemu maalumu ya mshahara, na angalau asilimia 3 hutoka kwa mwajiri. Kwa sababu hiyo, Mkenya aliyehudumu katika makao ya wazee au katika ghala la bidhaa huko huwa na akiba, hata kama hakumbuki kujiandikisha.

Chukua mfano wa mtu mwenye umri wa miaka 48 anayerudi Nairobi akiwa na Pauni 40,000 katika hazina ya mwajiri wa kibinafsi. Umri wa chini wa kuchukua akiba nchini Uingereza ni miaka 55, nao utapanda hadi 57 kuanzia Aprili 6, 2028.

Akishawishiwa kutumia njia ya mkato ili azipate fedha hizo sasa, sheria huyaita malipo yasiyoidhinishwa. Ushuru wake ni asilimia 40, na nyongeza ya asilimia 15 huweza kutozwa juu yake, hivyo kufikia asilimia 55. Kati ya Pauni 40,000, serikali huchukua Pauni 22,000 na mwenyewe hubaki na Pauni 18,000. Ada ya aliyempangia njia hiyo haijahesabiwa.

Akiamua kuihamisha kwa hazina ya ng'ambo, hazina hiyo sharti itimize masharti ya Mamlaka ya Ushuru ya Uingereza. Utaratibu huo ulianza Aprili 6, 2006, na hazina zinazokubaliwa hujulikana kwa herufi QROPS. Tangu 2015 mojawapo ya masharti ni kwamba fedha zilizotoka Uingereza zisiweze kuchukuliwa kabla ya umri wa miaka 55, isipokuwa kwa ugonjwa. Mipango mingi ya Kenya huruhusu kustaafu mapema katika umri wa miaka 50, na pia huruhusu kuchukua sehemu ya akiba mtu anapoacha kazi. Kwa hivyo haitoshi kuambiwa kuwa mpango umesajiliwa na RBA. Ni lazima kuthibitisha kama uko katika orodha inayochapishwa na mamlaka ya Uingereza, na hata kuwemo katika orodha hiyo si hakikisho la serikali.

Tangu Machi 9, 2017, uhamisho wa ng'ambo hutozwa asilimia 25 isipokuwa katika hali chache. Hali moja ya msamaha ni pale mwenye akiba na hazina inayoipokea wanapokuwa katika nchi moja. Mkaazi wa Nairobi anayeihamishia akiba yake Malta au Gibraltar hayumo katika msamaha huo. Katika mfano uliotajwa, atakatwa Pauni 10,000 siku ya uhamisho. Msamaha mwingine, uliozihusu hazina za nchi za Ulaya na Gibraltar kwa wakaazi wa Ulaya, uliondolewa Oktoba 30, 2024.

Isitoshe, msamaha huweza kubatilishwa. Mtu akihamisha akiba bila kutozwa, kisha akahamia nchi nyingine kabla ya kupita miaka 5 kamili ya ushuru, ushuru huo wa asilimia 25 huweza kumfuata.

Njia iliyobaki ni kuiacha akiba Uingereza hadi atimize umri. Wakati huo robo yake, yaani Pauni 10,000 bila kuhesabu faida ya uwekezaji, haitozwi ushuru wa Uingereza. Robo hiyo ina kikomo cha Pauni 268,275 kwa mtu mmoja. Sehemu inayosalia hutegemea mkataba wa ushuru kati ya Kenya na Uingereza, na ili kunufaika nao, mhusika huhitaji cheti cha ukaazi kutoka Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Anayeomba malipo kabla ya kukamilisha shughuli hiyo kwa kawaida hukatwa kwa kiwango cha dharura, kisha hulazimika kudai kilichozidi.

Wauguzi walioajiriwa na huduma ya afya ya serikali ya Uingereza wana mpango wao wenye masharti tofauti. Aliyechangia kwa muda usiofika miaka 2 huweza kurejeshewa michango yake baada ya makato. Aliyepita muda huo akiba yake hubaki humo, na tangu 2015 mipango ya aina hiyo imezuiwa kuhamishwa kwenda hazina ambamo mtu huchukua fedha kwa hiari yake.

Pensheni ya serikali ya Uingereza ni jambo jingine. Haiwezi kuhamishwa, lakini hulipwa hadi Kenya kwa aliyechangia miaka isiyopungua 10, na malipo kamili humhitaji mtu awe na miaka 35 ya michango. Dosari yake ni kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi ambako pensheni hiyo haipandishwi kila mwaka. Kiwango anachoanza nacho mstaafu akiwa Nairobi ndicho atakachoendelea kupata miaka 20 baadaye, licha ya mfumko wa bei.

Anayerudi kutoka Marekani

Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa ushuru mara mbili, wala makubaliano ya kuunganisha michango ya uzeeni. Hali hiyo hubadilisha hesabu yote.

Akiba zinazojulikana kama 401(k) na IRA haziwezi kuhamishwa hadi hazina ya Kenya kwa msamaha. Fedha zikitoka humo kuja Nairobi, Marekani huzichukulia kuwa zimelipwa. Asiye raia na asiye na kibali cha ukaazi wa kudumu hukatwa asilimia 30 mwanzoni, na huweza baadaye kuwasilisha fomu za mapato ili hesabu irekebishwe. Aliye chini ya umri wa miaka 59 na nusu huongezewa asilimia 10, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria.

Mwenye Dola 60,000 akiwa na umri wa miaka 50 huweza basi kukatwa Dola 18,000, kisha kudaiwa Dola 6,000 zaidi. Kitakachomfikia kabla ya marekebisho yoyote ni Dola 36,000.

Raia wa Marekani na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu wana mzigo wa namna nyingine. Hao hutozwa na Marekani kwa mapato ya dunia nzima hata wakiishi Karen kwa miaka 15. Katiba ya Kenya ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na wengi wameuchukua bila kufikiria jambo hilo. Malipo ya uzeeni ambayo Kenya imeyasamehe tangu Desemba 2024 huweza kuhesabiwa kuwa mapato mbele ya serikali ya Marekani. Kadhalika, akaunti za ng'ambo zenye jumla inayozidi Dola 10,000 wakati wowote katika mwaka sharti zitajwe kwa serikali hiyo. Sheria yake ya 2010, FATCA, huzitaka benki na taasisi za fedha za nchi nyingine ziwataje wateja wa Kimarekani.

Malipo ya uzeeni ya serikali ya Marekani hupatikana kwa aliyekusanya alama 40, kiasi cha miaka 10 ya kazi. Raia wa Kenya aliyetimiza alama hizo huweza kulipwa akiwa Kenya, lakini kwa asiye raia wa Marekani asilimia 85 ya malipo hayo hutozwa asilimia 30. Makato halisi huwa asilimia 25.5.

Kanada, Ujerumani na Ghuba

Kanada hukata asilimia 25 ya pensheni na akiba za uzeeni zinazolipwa mtu asiye mkaazi, isipokuwa pale mkataba wa ushuru unapopunguza kiwango hicho. Kenya ina mkataba na Kanada. Kwa jumla mikataba ya Kanada huyapa malipo ya kila mwezi nafuu isiyopewa malipo ya mkupuo, kwa hivyo anayetaka fedha zake zote kwa siku moja hulipia haraka yake.

Nchini Ujerumani, mfanyakazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anayeondoka huko kabla ya kupata haki ya pensheni huweza kuomba arejeshewe michango. Sharti mojawapo ni kungoja miezi 24 tangu aache kuchanga. Kinachorejeshwa kwa kawaida ni sehemu ya mfanyakazi, na ile ya mwajiri hubaki. Aidha, aliyerejeshewa hupoteza haki zilizotokana na miaka hiyo, jambo la kufikiriwa na yeyote anayekusudia kurudi huko.

Mataifa ya Ghuba hayatozi mishahara ya watu binafsi ushuru wa mapato, na kwa kawaida hayana pensheni ya serikali kwa wafanyakazi wa kigeni. Kuna kiinua mgongo. Katika Milki za Kiarabu, sheria ya ajira ya 2021 huwapa wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi waliotimiza angalau mwaka mmoja malipo ya siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao. Kwa hao wote, akiba ya uzeeni ni ile wanayojiwekea wenyewe, na wanaweza kuendelea kuchangia mpango wa mtu binafsi nchini Kenya.

Funzo la Afrika Mashariki

Ugumu wa akiba kuvuka mpaka si mgeni katika eneo hili. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, maelfu ya wafanyakazi wa mashirika ya pamoja walijikuta na pensheni isiyo na mwenyewe. Makao makuu ya Shirika la Reli yalikuwa Nairobi, ya Posta na Simu yalikuwa Kampala, na ya Bandari yalikuwa Dar es Salaam. Mfanyakazi mmoja huenda alihudumu katika nchi zote tatu.

Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha Mei 14, 1984, baada ya upatanishi wa Victor Umbricht kutoka Uswisi. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26, na kila serikali ikakubali kuwalipa raia wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai mahakamani hadi makubaliano na serikali yao yalipofikiwa 2005, miaka 28 baada ya jumuiya kuvunjika. Wengi walikuwa wameshafariki.

Itifaki ya Soko la Pamoja ya jumuiya ya sasa, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, huwapa wafanyakazi haki ya kufanya kazi katika nchi wanachama na kunufaika na hifadhi ya jamii. Ibara ya 10 iliacha maelezo ya hifadhi hiyo yawekwe baadaye kwa kanuni. Mkataba wa kuzuia kutozwa ushuru mara mbili ulitiwa saini Novemba 30, 2010, lakini haujaanza kutumika kwa kuwa haujaidhinishwa na nchi zote.

Pengo hilo lina gharama, kwa kuwa nchi jirani hazitozi ushuru katika hatua moja. Nchini Uganda, mfanyakazi huchanga asilimia 5 kutoka mshahara uliokwisha kutozwa, faida ya uwekezaji ya hazina hutozwa pia, kisha malipo ya mwisho hayatozwi. Kenya husamehe mchango hadi kiwango kilichowekwa. Anayechukua akiba mapema Kenya baada ya kufanya kazi Kampala na Nairobi huweza kuwa ametozwa mwanzoni upande mmoja na mwishoni upande wa pili.

Gigiri na pensheni ya dola

Nairobi ina kundi jingine lenye hesabu ya pekee, nalo ni watumishi wa Umoja wa Mataifa wenye ofisi zao Gigiri. Hazina yao ya pamoja iliundwa 1949. Mshahara wa mtumishi wa umoja huo huwa na kinga ya ushuru katika nchi nyingi, lakini kinga hiyo haiendelei katika pensheni. Mstaafu hufuata sheria za nchi anakoishi.

Anayeondoka kabla ya kutimiza miaka 5 ya uanachama hupata michango yake na riba tu, bila sehemu ya mwajiri. Hazina hiyo pia ina makubaliano na mashirika kadhaa ya kimataifa, ambayo humwezesha mtumishi anayehamia huko kuhamisha miaka yake ya kazi.

Wastaafu hao huweza kuchagua kulipwa kwa kufuata dola peke yake au kwa kuzingatia pia gharama ya maisha ya nchi wanakoishi. Uamuzi huo si mdogo. Januari 2024, Dola 1 ilikuwa karibu Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilishuka hadi karibu Sh129. Malipo ya Dola 10,000 yalipungua kwa takriban Sh310,000 katika miezi michache bila mamlaka yoyote ya ushuru kuhusika.

Mikataba na madalali

Mbali na Uingereza na Kanada, Kenya ina mikataba ya ushuru inayotumika na nchi kama vile Ujerumani, Ufaransa, India, Afrika Kusini, Zambia, Denmark, Norway, Sweden na Milki za Kiarabu. Kila mkataba una ibara yake kuhusu pensheni, na hazifanani. Upo unaoipa haki ya kutoza nchi anakoishi mstaafu, na upo unaoiachia sehemu nchi zilikotoka fedha. Pensheni ya mtumishi wa umma kwa kawaida huwa na ibara tofauti na ya mfanyakazi wa kampuni.

Kwa mwenye shaka, sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 humruhusu kuiandikia KRA, katika makao yake Times Tower, Haile Selassie Avenue, na kuomba uamuzi kuhusu hali yake. Akieleza ukweli wote, jibu analopewa huifunga mamlaka hiyo. Jibu la maandishi lina uzito ambao mazungumzo ya dirishani hayana.

Tahadhari inahitajika kwa washauri wanaolipwa kamisheni na hazina wanayoipendekeza. Uhamisho humletea dalali malipo, ilhali ushauri wa kuiacha akiba ilipo haumletei chochote. Mteja ana haki ya kuuliza mambo manne: nani amempa mshauri huyo leseni, atalipwa kiasi gani na nani, ada ya kila mwaka ni ngapi, na akijitoa kabla ya muda atakatwa kiasi gani. Nchini Kenya, washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na wasimamizi wa mipango ya uzeeni husajiliwa na RBA. Nchini Uingereza, mwenye pensheni ya kiwango maalumu yenye thamani ya zaidi ya Pauni 30,000 hawezi kuihamisha kabla ya kupata ushauri wa mtu mwenye idhini ya huko.

Mpangilio ufaao

Kwa muhtasari, hatua zifuatazo hupunguza hasara kwa wengi, ingawa kila mtu ana hali yake.

Kwanza, kuorodhesha akiba zote, pamoja na zile ndogo za waajiri wa zamani, na kuhifadhi hati zake: nambari za uanachama, hati za mishahara, barua za ajira na tarehe za kuingia na kutoka nchini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wastaafu wa jumuiya ya kwanza waliokosa hati za kazi walilijua hilo.

Pili, kubainisha ukaazi wa ushuru kwa mwaka wa malipo, na kupata cheti cha ukaazi kabla ya kuomba fedha.

Tatu, kuhesabu umri na miaka ya uanachama. Aliyebakisha miezi michache kutimiza miaka 20 katika mpango wa Kenya, au miaka 55 kwa akiba ya Uingereza, huokoa zaidi kwa kungoja kuliko kwa mbinu yoyote ya uhamisho.

Nne, kuuliza nchi zote mbili, si moja. Swali si kama Kenya itatoza pekee, bali kama nchi ya pili itatambua msamaha wa ile ya kwanza.

Tano, kuandika jina la mrithi katika kila hazina. Mrithi aliyetajwa Nairobi hatambuliwi London, na familia nyingi hugundua kuwapo kwa akiba ya ng'ambo baada ya mwenyewe kufariki.

Ni baada ya hatua hizo tano ndipo fomu ya kuomba malipo au uhamisho inapofaa kutiwa saini, kwa kuwa ushuru huhesabiwa kwa kufuata hali ya siku ya malipo, na ukishakatwa, kuurejesha huchukua muda na gharama.